Kafi Gani Linakufaa? Kupima Makafi ya Kayaki Kwenye Ghuba ya Tanga

Kafi zuri mkononi dukani si lazima liwe zuri majini, na lililokupeleka vizuri asubuhi kukiwa shwari laweza kukumaliza mabega alasiri kusi ikishaamka. Wengi hulinganisha makafi kwa kuazimana: unapiga hili dakika kumi, unachukua la mwenzako, kisha unasema hili "linavuta" kuliko lile. Hapo ulichopima hasa ni uchovu wa mkono na mkondo wa maji. Tanga maji hupanda na kushuka kiasi cha mita 3 wakati wa bamvua, na mkondo wa nusu kilomita kwa saa unatosha kufunika tofauti yote iliyopo kati ya kafi la bei ya chini na la bei ya juu.

Kwa hiyo kazi kubwa ya kulinganisha makafi ni kuuondoa mkondo na uchovu kwenye hesabu. Na jambo la kushika tangu mwanzo: kasi ya juu kabisa ndiyo ya mwisho kuangaliwa. Cha kutafuta ni kasi unayoipata kwa jasho lile lile, na mabega yako yakoje baada ya saa nzima.

Makafi yanayolinganishwa

*La bapa pana.* Ndilo linalouzwa pamoja na kayaki nyingi. Bapa lake, yaani sehemu inayoingia majini, si sawa juu na chini, kwani ukingo wa juu ni mrefu kuliko wa chini. Sababu ni kwamba bapa huingia majini likiwa limeinama. Likikatwa hivyo, eneo lililozama hulingana pande zote mbili za mpini na kafi halijizungushi mkononi. Kwenye uso unaovuta maji, mabapa mazuri huwa na tuta dogo katikati linalogawa maji kulia na kushoto. Bapa lisilo na tuta hutikisika ukivuta kwa nguvu. Eneo la kawaida ni sentimita za mraba 600 hadi 700. Lipo fupi na pana la kuvutia karibu na ubavu wa kayaki mkono ukiwa juu, na lipo refu na jembamba kidogo la kuvutia mkono ukiwa chini, kwa safari za polepole. La alumini na plastiki huwa na uzito wa kilo 1.1 hadi 1.3, fibaglasi takriban gramu 850 hadi kilo 1, kaboni gramu 650 hadi 800.

*La bawa.* Lilizaliwa Sweden miaka ya 1980 na likateka mashindano yote ya kayaki za mbio. Uso wake umechimbwa kama upawa, na ukingo mmoja umejikunja. Halivutwi kurudi nyuma moja kwa moja. Unaliacha likimbie nje, mbali na ubavu, na kule kukimbia nje ndiko kunakolifanya liyashike maji bila kuteleza. Urefu wake huwa sentimita 205 hadi 220.

*La Greenland.* Fimbo ya mbao yenye mabapa marefu membamba, upana wa sentimita 8 au 9 tu, sawa pande zote. Urefu hupimwa kwa mwili wa mwenye nalo: pima mikono yote miwili ikiwa imenyooshwa, ongeza mkono mmoja kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Mtu wa sentimita 170 huangukia karibu na 215.

*La mtumbwi.* Kafi letu la bapa moja, la kipande kimoja cha mti. Wengi wataliona halistahili kuwekwa hapa, lakini linapatikana, linatengenezeka, na kama kafi la akiba lina sifa ambazo la kaboni halina. Lazima lipimwe.

Kwanza nchi kavu

Kabla ya kulowana, pima vitu vitatu kwa kila kafi na uviandike.

Uzito ni rahisi: mizani ya kuning'iniza samaki, au ya jikoni. Uzito wa ncha ndio watu wengi hawaupimi, na ndio unaochosha. Kwa kafi la kufungua, lile linaloachana vipande viwili kwenye kiungio cha katikati, chukua nusu moja. Weka upande wa kiungio juu ya ukingo wa meza au kigogo, na katikati ya bapa juu ya mizani, nusu ile ikiwa imelala sawasawa. Soma. Makafi mawili yenye uzito ule ule yanaweza kutofautiana gramu 80 au 100 hapo, na lenye ncha nyepesi ndilo mkono utalipenda. Wauzaji hupenda kukuambia kwamba kwa mivuto 60 kwa dakika, gramu 300 zinazopungua ni zaidi ya tani moja ya mzigo kwa saa. Kuzidisha kwao ni sahihi lakini kunapotosha, kwa sababu kafi halinyanyuliwi lote kila mvuto. Huzunguka katikati, na mzigo uko kwenye ncha.

Kisha eneo la bapa. Lilaze bapa juu ya karatasi ya kaki, lizungushie penseli, halafu chora mistari ya sentimita 2 kwa 2 ndani ya umbo. Kila mraba kamili ni sentimita za mraba 4. Vipande vya pembeni viunganishe viwili viwili. Kwa kafi la Greenland chora sehemu inayozama tu, si bapa lote. Utashangaa: urefu wake hulipa upungufu wa upana, na eneo linalozama haliko mbali na la bapa pana dogo.

Mwisho, weka alama za mikono. Weka mpini juu ya utosi, viwiko vikiwa pembe mraba, na funga tepu ya umeme pale mikono iliposhika. Bila alama hizi mikono hutanuka kadiri unavyochoka, na utadhani kafi limebadilika. Kafi la Greenland halihitaji: mpini wake, wenye sentimita 45 hadi 55, huwekwa mikono mwishoni mwake, vidole viwili vikigusa mwanzo wa bapa.

Urefu ufuate upana wa kayaki. Kayaki nyembamba ya sentimita 55 hadi 60 hukaa vizuri na kafi la sentimita 210 hadi 220. Kayaki pana za kukalia juu, zile za sentimita 75 hadi 85, zinataka 230 hadi 250. Ukimpa mtu kafi la 210 kwenye kayaki pana, atagonga ubavu kila mvuto na atasema kafi ni baya, kumbe ni fupi tu.

Mahali na saa

Upande wa ndani wa Raskazone unafaa kusi ikivuma, kwa kuwa rasi yenyewe inakinga upepo. Kaskazi inapovuma, kati ya Desemba na Machi, upepo huingia ghubani kwa mdomo, hapo hutapima kitu baada ya saa 4 asubuhi. Jiepushe na njia ya meli na matishari kuelekea bandarini, na uiache mbali mistari ya maboya ya nyavu na madema. Wakati wa masika ghuba ya ndani hupokea maji ya Zigi na Mkulumuzi yakiwa na magogo na matakataka; ahirisha.

Chagua maji mafu, si bamvua. Kwa kalenda ya mwezi wa Kiislamu ni karibu tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24. Maji yakiwa mafu mkondo ni mdogo, na kuna faida nyingine: siku za bamvua maji hujaa karibu saa 10 na kupwa karibu saa 4, ila siku za maji mafu mambo hugeuka, asubuhi unapata maji yanayojaa polepole hadi saa 3 au 4. Anza saa 1 asubuhi, umalize kabla upepo wa bahari haujaamka.

Kina kisipungue mita 2 njia nzima. Hili hupuuzwa sana. Kayaki inayokwenda kilomita 5 au 6 kwa saa juu ya maji ya nusu mita huburuta wimbi lake mwenyewe na kupungua kasi, hata kama chini ni mchanga laini na huoni chochote. Ukipima kafi la kwanza maji yakiwa kiunoni na la pili yakiwa kifuani, umepima kina.

Weka maboya mawili umbali wa mita 500. Dumu tupu la lita 5, kamba na jiwe vinatosha. Umbali upime kwa GPS ya simu ndani ya mfuko usioingiza maji, au ya saa ya mkononi.

Jaribio lenyewe

Unahitaji saa inayosoma mapigo ya moyo, mtu mmoja ufukoni au kwenye kayaki ya pili, na jaketi la kuokolea mwilini, si nyuma ya kiti. Mzigo usibadilike: chupa ile ile ya maji ikijazwa kila baada ya mzunguko, na kayaki ikitolewa maji kila unapobadilisha kafi. Lita 5 zilizotuama ni kilo 5.

Chagua kiwango kimoja cha mapigo ya moyo, tuseme 130, ambacho bado unaweza kutamka sentensi fupi bila kukatika pumzi. Usilazimishe idadi ya mivuto iwe sawa kwa makafi yote. Kafi la Greenland linataka mivuto mingi, la bawa michache yenye nguvu. Ukiyalinganisha kwa mivuto sawa, umeliadhibu moja bila sababu.

1. Pasha mwili dakika 15 kwa kafi ambalo halimo kwenye jaribio.
2. Kafi A: mita 500 kwenda, geuka taratibu, mita 500 kurudi. Andika muda wa kwenda na wa kurudi mbali mbali, na uhesabu mivuto ya dakika moja katikati, kulia na kushoto kila mmoja ukiwa mvuto.
3. Pumzika mpaka mapigo yashuke chini ya 100, kwa kawaida dakika 4 au 5. Kunywa maji.
4. Kafi B vivyo hivyo, kisha C. Halafu rudia kinyume: C, B, A.

Mpangilio huo wa kwenda na kurudi nyuma ndio roho ya jaribio. Joto la pwani hupandisha mapigo ya moyo kadiri muda unavyokwenda hata kama kazi haijaongezeka, kwa hiyo kafi linalopimwa mwisho huonekana zito siku zote. Kila kafi likipata zamu ya mapema na ya kuchelewa, hasara hugawanyika. Makafi matatu kwa mtindo huu ni kazi ya saa moja na nusu. Usijaribu manne kwa asubuhi moja.

Hesabu

Hapa wengi hukosea. Tuseme ulikwenda mita 500 kwa dakika 5 kamili, ukarudi kwa dakika 6 na sekunde 15. Kwenda ni kilomita 6.0 kwa saa, kurudi 4.8. Jumlisha kasi mbili, gawa kwa mbili: 5.4. Hiyo ndiyo kasi yako ndani ya maji, mkondo ukiwa umejifuta wenyewe. Ukichukua njia ya mkato ya kugawa mita 1,000 kwa muda wote, utapata 5.33, kwa sababu ulikaa muda mrefu zaidi ukipigana na mkondo. Tofauti ni ndogo, lakini tofauti za makafi nazo ni ndogo.

Kisha tafuta umbali wa kila mvuto. Kilomita 5.4 kwa saa ni mita 90 kwa dakika. Ukivuta mara 60, kila mvuto umekupa mita 1.5.

Kabla ya kutangaza mshindi, linganisha kafi A la kwanza na kafi A la mwisho. Kama kafi lile lile limetofautiana na nafsi yake kwa kilomita 0.2 kwa saa, basi pengo la 0.1 kati ya A na B halina maana yoyote. Rudia siku nyingine.

Utakachokiona

Kafi la bawa huwa mbele kwa asilimia chache likiwa mkononi mwa anayelijua. Asiyelijua huliburuta nyuma kama la kawaida, linachimba kuingia chini ya kayaki, na anatoka na muda mbaya kuliko wa kafi la plastiki. Linataka kiwiliwili kizunguke na mkono ukimbilie nje. Kujiegemeza juu yake wimbi linapokupiga ubavuni ni kazi ngumu, maana umbo lile halielekei kuteleza juu ya maji kwa utulivu. Kwa safari ya kuvuka kwenda kisiwa cha Ulenge au Yambe na mizigo, hatulipendekezi hata kwa wenye nguvu.

La bapa pana hushinda kwenye kuondoka. Mvuto wa kwanza hadi wa kumi hulipati kafi la kulishika, na ukitaka kupita mawimbi yanayovunjika au kukwepa mashua ya wavuvi pale Deep Sea, utalishukuru. Deni lake hulipwa baadaye. Bapa kubwa halitelezi, kwa hiyo kila mvuto mzigo wote unakwenda kwenye bega kwa ghafla. Wenye mabega mabovu wapunguze eneo kwanza kabla ya kufikiria kaboni. Bapa la fibaglasi la sentimita za mraba 600 litawafaa kuliko la 700 la kaboni.

La Greenland huanza kwa uvivu, lakini kwenye mwendo wa kilomita 5 hadi 6 kwa saa mara nyingi hulingana na bapa pana, na baada ya saa moja hujui kama ulikuwa umelishika. Likipiga kelele na kutikisika majini, unalishika wima mno: inamisha ukingo wa juu mbele kidogo, kiasi cha nyuzi 30, likate maji badala ya kuyapiga bapa. Hilo moja tu huokoa wengi waliokuwa wamekata tamaa nalo.

La mtumbwi likipimwa kutoka kiti cha kayaki hushindwa vibaya, na si kosa lake. Limetengenezwa kwa mtu aliyekaa juu, akiegemea ukingo. Ukiwa umekaa chini, mkono wa juu hukufikia usoni na bapa haliingii wima. Tena kila mvuto unalazimika kumalizia kwa kupindisha bapa nje ili kayaki isigeuke, na pindisho hilo hula mwendo. Lakini kwenye kayaki pana, lenye urefu wa kufika kidevuni, litakurudisha nyumbani kafi kuu likivunjika, na halina kiungio cha kukwama.

Jaribio la upepo

Maji shwari yamekuonyesha nusu tu. Chagua siku ya kusi ya wastani, isiyovunja povu jeupe kila mahali, uzunguke rasi kutoka ndani ya Raskazone kuelekea upande wa Mwambani mpaka upepo uwe usoni. Kilomita moja inatosha. Mwenzako awe karibu.

Bapa lililo hewani sasa ni tanga. Kwa makafi yenye kiungio cha kupishanisha mabapa, yaani kulizungusha moja lisielekee sawa na jingine, jaribu nyuzi 0, 30 na 60. Nyuzi 60 huukata upepo wa mbele vizuri, lakini geuka upepo uwe ubavuni: bapa lile lile linaukabili kwa uso wote na linaweza kukunyang'anya kafi. Kwa pwani hii, ambako safari nyingi hukata upepo kwa ubavu, nyuzi 30 ni chaguo la busara, na nyuzi 0 si aibu kwa anayeumwa vifundo vya mikono. Kafi la Greenland halijali sana upande wowote, na hapa ndipo linapolipa.

Kafi likifungwa kwa kamba, kamba iwe fupi kiasi cha kutozunguka mkono ukipinduka.

Yanayoharibika

Kiungio kukwama ndilo tatizo la kwanza, kwa sababu ya mchanga na chumvi. Usipake grisi, hukusanya mchanga na kuwa msasa. Suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ukaushe ukiwa umefunguliwa, basi. Mpini wa alumini ukiachwa umeunganishwa wiki nzima huota kutu nyeupe na kushikamana. Maji ya vuguvugu na watu wawili wakizungusha kinyume huufungua mara nyingi, nyundo huuharibu.

Ncha za bapa la kaboni huvunjika kwa kusukumia mawe maji yakipwa. Ukijua utapita juu ya miamba, chukua la nailoni. Mbao huchakaa ncha pia, lakini msasa na mafuta ya kitani hurudisha kila kitu. Sifa ya wavuvi, yale mafuta ya papa, nayo huilinda mbao, ila mkono utateleza na harufu utakwenda nayo hadi mjini.

Ukitaka kuchonga la Greenland

Mbao ya paini ya mbili kwa nne, futi 12, inatosha na kubaki. Kagua nyuzi za mbao: zikimbie toka ncha hadi ncha bila kutoka ubavuni, na kusiwe na fundo kwenye theluthi ya katikati, kwani hapo ndipo linapokatika. Kata kwa urefu uliopima mwilini. Chora mstari wa katikati, weka mpini wa sentimita 50, upana wa sentimita 3.5 na unene 2.8, kisha tanua taratibu hadi sentimita 8.5 karibu na ncha. Punguza unene kutoka mpini hadi sentimita 1 kwenye ncha, ukingo ubaki milimita 4 hivi. Ukiufanya mwembamba zaidi utapasuka kwa jiwe la kwanza. Randa pande zote kwa zamu ili mbao isipinde, na pima kila saa kwa kuliweka juu ya kidole katikati. Ncha inayolala ndiyo ya kurandwa.

Likiwa zaidi ya kilo 1.1 ukimaliza, unene umebaki kwenye mabapa, si kwenye mpini. Usiuguse mpini.